SHINGO YA MFANYAKAZI, NA MAZOEZI YA KUITIA NGUVU

(Haya ni maneno ya hotuba iliyosomwa Jumapili mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi, na mwanachama mmoja ambaye ni fundi wa cherehani. Wengi waliokuwako, na wengi zaidi waliokuwa zamu, wameomba ipigwe chapa. Twaitoa kama alivyoisema.)



Mimi si daktari, wala si mtu aliyezoea kusema mbele ya watu. Mimi ni fundi wa cherehani, nimekaa katika mstari wa kushona kola kwa miaka 14, na kamati imeniomba niseme juu ya shingo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mimi mwenyewe niliumwa na shingo hata nikataka kuacha kazi, kisha nikapata nafuu kwa mazoezi. Ya pili ni ile barua ya wenye kiwanda ambayo nyote mmesikia habari zake. Barua yasema kwamba watatuletea mwalimu wa mazoezi ya shingo, dakika 10 kila asubuhi kabla ya kengele, na kwa ajili hiyo chama kiondoe dai lake la viti vya kupandishwa na kushushwa.

Wako kati yetu wanaosema tukubali, kwa maana wamesikia nilivyopona. Wako wanaosema mazoezi ni hila tupu, kwamba mtu aliyechoka kwa kazi hawezi kuponywa kwa kuongezewa kazi. Mimi naona wote wawili wamekosea, na kama tukiingia katika mazungumzo na makosa hayo tutatoka mikono mitupu. Kwa hiyo naomba mnisikilize mpaka mwisho.

Maumivu yangu yalianza hapa chini ya sikio la kulia, yakashuka mpaka begani. Mwanzoni yalikuja jioni tu, na asubuhi yalikuwa yamekwisha. Baada ya mwaka mmoja yakawa yananingoja kitandani nikiamka. Nilimeza dawa za maumivu mpaka tumbo likazikataa. Msimamizi wa wakati ule akasema ni uvivu. Zahanati moja wakaniambia nipumzike siku 3. Nikapumzika, nikarudi kwenye cherehani, na ilipofika saa nne asubuhi shingo ilikuwa pale pale.

Lakini lililonitisha zaidi si maumivu. Nilianza kujigonga. Nilijigonga kichwa kwenye mlango wa matatu, jambo ambalo halikunipata katika miaka yote ya kupanda na kushuka. Nikiitwa nikageuka upesi, sakafu ilikwenda kama mashua. Kisha siku moja binti yangu alinipiga picha kwa simu nikiwa nimekaa mezani, akaniuliza, "Mama, mbona umelaza kichwa?" Nikamwambia sikukilaza, kiko sawa kabisa. Akanionyesha picha. Kichwa kilikuwa kimelala upande wa kulia kama cha kuku anayesikiliza. Nikakinyosha, nikamwambia, haya, sasa kiko sawa. Akapiga tena. Bado kimelala. (Watu walicheka.) Chekeni, hata yeye alicheka, lakini mimi sikucheka. Ni jambo la ajabu mtu mzima kutojua kichwa chake kiko wapi.

Mtaalamu wa fiziotherapia wa hospitali nyingine ndiye aliyenieleza, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza na kusoma.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 na nusu au 5 hivi, yaani pakiti mbili za unga za kilo 2, na zaidi kidogo. Mzigo huo umesimama juu ya pingili 7 za shingo. Pingili peke yake haziwezi kuushika, hushikwa na misuli, nayo ni ya namna mbili. Iko misuli mikubwa ya nje, ile unayoweza kuishika kwa vidole, itokayo shingoni mpaka begani na mgongoni. Hiyo ndiyo ya kuinua na kuvuta. Na iko misuli ya ndani, iliyolala karibu kabisa na pingili, mbele nyuma ya koo, na nyuma chini ya kisogo. Hiyo si ya kuinua mizigo, kazi yake ni kushika kila pingili mahali pake. Shingo ikiumwa kwa muda mrefu, mara nyingi misuli ya ndani ya mbele hulegea na kuchelewa kufanya kazi, na ya nje huifanyia kazi yake. Ni kama nyapara akiondoka na vibarua wakaanza kuamrishana. Kazi inakwenda, lakini jioni kila mmoja amechoka bure.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo ambalo wengi hatukulijua. Ndani ya misuli mna vipima vidogo sana ambavyo huuambia ubongo msuli umenyooka kiasi gani. Ndivyo vinavyokuwezesha kufunga macho na kuushika ncha ya pua yako. Misuli midogo ya chini ya kisogo ina vipima hivi vingi sana, kupita misuli mingi ya mwili, kwa sababu ubongo hauna budi kujua kila wakati kichwa kinatazama wapi, upate kupatanisha habari za macho na za masikio ya ndani ambayo ndiyo hutuzuia tusianguke. Misuli ikiwa na maumivu, au imechoka kabisa, vipima hutoa habari za uongo. Ndiyo maana ya kizunguzungu changu na mlango wa matatu. Si kila mwenye maumivu ya shingo hupotewa hivyo, lakini ni wengi, na hasa walioanza kuumwa baada ya ajali ya gari.

Jambo hili hupimwa kwa njia rahisi. Daktari mmoja wa Paris, jina lake Michel Revel, aliitangaza mwaka 1991, na nimekuja na tochi ili tuifanye hapa. Mtu hukaa kwenye kiti, umbali wa sentimita 90 kutoka ukutani, na tochi ndogo imefungwa kichwani. Hutazama mbele sawasawa, na pale mwanga ulipopiga ukuta unatia alama. Kisha hufunga macho, hugeuza kichwa mpaka mwisho, polepole, akakirudisha mahali anapodhani alianzia. Hapo unatia alama ya pili, na unapima umbali kati ya alama mbili. Hufanywa mara nyingi, kulia na kushoto, na kuchukua wastani, kwa maana mara moja haitoshi kumhukumu mtu. Revel aliona kwamba wastani ukipita nyuzi 4 na nusu, basi hisi ya shingo imeharibika. Kwa umbali huo wa sentimita 90, nyuzi hizo ni kama sentimita 7 ukutani.

(Hapa ndugu mmoja wa idara ya kupiga pasi alijitolea, akapimwa mara 6, wastani wake ukawa sentimita 3. Halafu dada mmoja wa mstari wa mifuko, ambaye husema shingo humwuma kila siku, akapimwa, ukawa sentimita 9.)

Mmeona wenyewe. Dada huyu hakudanganya wala hakukosa bidii, na alipofumbua macho alidhani mwanga umehamishwa. Mimi siku ya kwanza nilipata sentimita 11. Wiki iliyopita nilipata 5.

Basi nije kwenye mazoezi. Watu husema "mazoezi ya shingo" kana kwamba ni kitu kimoja, na ndivyo hata barua ilivyosema. Lakini yako ya namna nyingi, na hayafanyi kazi moja. Nitasema juu ya yale yaliyopimwa kwa watu wafanyao kazi kama sisi, au karibu na sisi.

Kule Finland walichukua wanawake 180 wa kazi za ofisini, wote wakiwa na maumivu ya shingo ya siku nyingi, wakawagawa mafungu matatu, na matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Fungu la kwanza walitia nguvu shingo kwa mpira wenye kuvuta sana: mtu amekaa, mpira umezunguka kichwa, anausukuma mbele, nyuma na pembeni, mara 15 tu kila upande, lakini kwa nguvu nyingi. Fungu la pili walifanya mazoezi ya kuvumilia: wamelala, wanainua kichwa tu bila mzigo, mara 20, wakirudia mara 3. Mafungu hayo mawili walifanya pia mazoezi ya mabega na mikono kwa vyuma vya kushika mkononi. Fungu la tatu waliambiwa wanyooshe viungo na kufanya mazoezi ya kutoa jasho. Baada ya mwaka mmoja, nguvu za kuinamisha shingo mbele ziliongezeka kwa asilimia 110 katika fungu la kwanza, 28 katika la pili, na 10 katika la tatu. Sasa tazameni maumivu. Katika fungu la mpira karibu robo tatu walipata nafuu kubwa au kupona kabisa, katika fungu la kuvumilia zaidi ya nusu, na katika fungu la kunyoosha kama mmoja kati ya watano. Kwa hiyo mzigo mzito uliongeza nguvu mara nyingi zaidi, lakini hata mzigo mwepesi ulipunguza maumivu sana. Kujinyoosha peke yake ndiko kulikobaki nyuma. Nasema hivi kwa sababu mwalimu tunayeahidiwa kwenye barua, nimeuliza, ni wa kunyoosha tu.

Wadachi nao walilinganisha, nasema Wadenmark, si wale wa zamani. Mwaka 2008 walitoa matokeo ya wanawake wenye maumivu ya msuli wa begani na shingoni: waliotiwa nguvu msuli ule ule unaouma walipata nafuu ya kudumu, na waliopiga baiskeli walipata nafuu kidogo ya muda mfupi tu baada ya kushuka. Mwaka 2011 wakachukua watu 198 wa ofisini, wengine wakavuta mpira dakika 12 kwa siku, wengine dakika 2 tu, siku 5 kwa wiki, wiki 10. Maumivu hupimwa kutoka 0 hadi 10. Wa dakika 12 walipungukiwa alama 1.9, wa dakika 2 wakapungukiwa 1.4. Dakika 2! Nitalirudia jambo hili nikifika kwenye viti.

Lakini hao wote walipima nguvu na maumivu. Nani alipima kujua kichwa kiko wapi? Revel alifanya hivyo mwaka 1994, kwa mazoezi ya macho na kichwa pamoja kwa wiki 8, na wagonjwa wakafaidi kwa yote mawili, maumivu na alama ukutani. Kisha Gwendolen Jull na wenzake wa Queensland, Australia, wakatoa matokeo yao mwaka 2007. Wanawake 64 wenye maumivu ya shingo, nusu wakafanya mazoezi ya kurudisha kichwa mahali pake na ya kufuata kitu kwa macho, nusu wakafanya zoezi dogo la kuamsha ile misuli ya ndani ya mbele, kwa wiki 6. Wote wawili walipunguza makosa yao, na wote wawili walipunguza maumivu. Waliozoezwa kurudisha kichwa walizidi kidogo tu, tena katika kugeukia upande wa kulia. Maana yake ni kwamba ukiitia nguvu misuli inayostahili, vipima navyo huanza kusema kweli, hata kama hukuvifundisha. Lakini mwenye kujigonga kama mimi afadhali avifundishe pia.

Zoezi hilo la Jull ni rahisi hata linachekesha. Lala chali, magoti juu, taulo nyembamba chini ya kichwa. Itikia "ndiyo" kwa kidevu, polepole sana, bila kuinua kichwa. Weka vidole kwenye misuli ya mbele ya shingo: ikikakamaa umetumia nguvu nyingi mno. Shika hivyo kwa sekunde 10, pumzika, mara 10. Wao walitumia mfuko mdogo wa hewa wenye saa, mfano wa kile cha kupimia presha, lakini vidole vyatosha kuanzia. Mimi nililidharau. Wiki ya kwanza sikuweza kushika sekunde 4.

Kwa mpira nilitumia kipande cha tyubu ya baiskeli, nikakizungushia kitambaa kisishike nywele, nikakifunga kwenye dirisha. Wengine hapa watatumia lastiki pana ya kazini, ile ya mabaki. Anza kwa kuvuta kidogo na kuongeza wiki kwa wiki. Kichwa kisitembee, mwili wote ndio uegemee, shingo ishike tu. Fanya siku 3 kwa wiki. Misuli kuuma kidogo kesho yake si neno. Maumivu yakizidi kwa siku mbili, punguza.

Na kwa hisi, tochi kichwani na karatasi ukutani. Chora msitari wenye kona nyingi, uufuate kwa mwanga pasipo kuutoka. Halafu funga macho na ufanye kama tulivyofanya hapa, lakini sasa fumbua uone ulipokosea, ujirekebishe. Watoto wangu wanalipenda kuliko televisheni.

Kabla ya yote hayo, ngojeni. Kama mikono inakufa ganzi au kukosa nguvu hata vitu vinakuanguka, kama miguu imekuwa mizito au huwezi kuzuia mkojo, kama maumivu yalianza baada ya kuanguka au ajali, kama una homa na shingo imekakamaa, au unakonda bila sababu, usiguse mpira. Nenda hospitali kwanza, na useme hayo wazi wazi, kwa maana foleni ni ndefu na wasipoambiwa hawataona.

Msimamizi mmoja aliwahi kutuambia kwamba wanawake wa Kiafrika hubeba mizigo kichwani tangu utoto na shingo zao ni za chuma, kwa hiyo cherehani si kitu. Nami nimetafuta. Ni kweli kwamba mwaka 1986 wataalamu walitangaza vipimo vya wanawake Wajaluo waliobeba kwa kichwa na Wakikuyu waliobeba kwa ukanda wa pajini, na wakaona wanaweza kubeba mzigo wa hata sehemu ya tano ya uzito wao bila kutumia nguvu zaidi ya mtu asiyebeba kitu. Lakini walipima pumzi, hawakupima shingo. Mwaka 1997 zilitangazwa picha za eksirei za wachukuzi wa kichwani, na pingili zao zilikuwa zimechakaa kuliko za wenzao wasiobeba. Mama zetu walikuwa hodari, lakini hakuna aliyewauliza kama waliumwa.

Sasa viti. Bwana Katibu ataeleza mwenyewe habari za sheria, lakini mimi nimesoma kwamba sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri apatanishe mahali pa kazi na mfanyakazi, na kwamba penye wafanyakazi 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama. Meza ya cherehani yangu ni ya mtu mrefu. Jirani yangu ni mrefu, na kiti chake ni cha mtu mfupi. Mimi napandisha bega, yeye anainamisha shingo, saa 9 kila siku. Mpira wangu wa tyubu unanipa nguvu za kuvumilia kosa hilo, haulirekebishi. Nilipohamishwa miezi miwili kwenye meza nyingine ya chini, nikiendelea na mazoezi yale yale, alama zangu ukutani zilirudi sentimita 8. Hiyo ni shingo moja tu na wala si utafiti, lakini ni yangu.

Kwa hiyo shauri langu ni hili. Tusikatae mazoezi. Wanaosema ni hila wanatunyima dawa ambayo haina bei. Lakini tuseme tunataka ya kutia nguvu, si ya kunyoosha tu, na yafanywe ndani ya saa za kazi. Ikiwa dakika 2 kwa siku zilitosha kule Denmark, basi tunaomba dakika 10 kwa wiki za mshahara, na mwenye kiwanda anayesema hizo ni nyingi na atuambie mbele ya watu. Dakika 10 kabla ya kengele ni dakika za mama aliyeamka saa kumi usiku kupika chai ya watoto, na hizo hatuna za kutoa. Na viti vibaki kwenye dai, mstari wa kwanza, pale vilipokuwa. Mambo hayo mawili hayabadilishani.

Kamati itakutana nao Alhamisi. Wawakilishi wa kila mstari wanaombwa, kabla ya Jumatano, wapime urefu wa meza na viti vya watu wao kwa futi ya kushonea, waandike, na walete karatasi kwa Katibu. Wenye kuumwa waandikwe pia, kwa idadi tu, bila majina, kwa sababu tunayoijua sote.

Lastiki ya mabaki iko ofisini, kila mtu mita moja. Tochi ni moja. Atakayeichukua aandike jina kwa Mwekahazina, na airudishe ikiwa na betri.